Filamu Kuhusu Sauti ya Baba

Baba alifunza makurutu gwaride kule chuo cha polisi cha Kiganjo mpaka akastaafu, na sauti ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alipoamrisha "Mguu sawa!" uwanjani, wanawake waliokuwa wakipalilia mashamba ya karibu walisimama wima kwa mzaha, wakacheka, kisha wakaendelea na jembe. Nyumbani tuliongea Kiswahili, kwa kuwa yeye alitoka magharibi na mama ni wa Giakanja, na hakuna aliyewahi kuiweza lugha ya mwenzake. Mimi aliniita "mama," kwa sababu nina jina la mama yake.

Nilipokuwa nikisomea shahada ya uzamili ya filamu na habari huko Nairobi, kila mwanafunzi alitakiwa kutengeneza filamu ya maisha halisi na kuandika tasnifu juu yake. Nikaamua yangu iwe ya baba: mzee, uwanja mtupu, na sauti ile. Msimamizi wangu alilipenda wazo hilo kuliko yote niliyowahi kumpelekea. Alinipa vitabu kuhusu sauti katika sinema, nikaandika sura nzima juu ya amri na mwili wa anayeamriwa. Leo sikumbuki hata sentensi moja ya sura hiyo.

Wakati huo baba alikuwa ameanza kukwaruza kooni. Tulisema ni baridi ya Julai. Mama alimchemshia tangawizi na ndimu, mimi nikaja nyumbani na kamera ya chuo.

"Mama, hii itaonyeshwa kwa TV?" baba aliniuliza.

"Hapana, baba. Ni ya chuoni tu."

"Basi nivae tai ama niache?"

Alivaa tai na koti la kanisani, akasimama mbele ya miti yetu ya kahawa. Nikambandika maikrofoni ndogo kifuani. Akavuta pumzi, akafungua kinywa, na amri ikakatika katikati. Akajaribu tena, ikatoka kama mkwaruzo wa mlango. Akacheka, mkono kooni.

"Hiyo ufute. Tutarudia nikipona."

Daktari wa Nyeri alitueleza kwamba ni saratani, na kwamba kisanduku cha sauti kitalazimika kuondolewa chote. Baba akauliza atabaki na sauti kiasi gani.

"Hutabaki nayo, mzee," daktari akasema kwa upole.

Mama, aliyekuwa ameukumbatia mkoba wake, akauliza kama bado ataweza kula ugali.

Kabla ya upasuaji nilimwomba baba tukae siku moja tu aongee, chochote kile, nami nirekodi. Aliitazama kamera, akanitazama mimi.

"Mama, hii kidogo imebaki, niachie. Niko na maneno ya kumwambia mama yako."

Wakaingia jikoni wakafunga mlango. Mimi nilikaa barazani alasiri nzima nikisikia ule mkwaruzo ukipanda na kushuka, bila kushika neno hata moja. Kuna wakati mama alicheka. Kinasa sauti kilikuwa begini, karibu na miguu yangu. Sikukigusa.

Alipotoka hospitalini, sasa akipumua kupitia tundu shingoni, nilirudi chuoni kuwaeleza wahadhiri yaliyotokea.

"Kwa hivyo una filamu kuhusu sauti, na mhusika hana sauti," mmoja wao akasema.

Msimamizi wangu alisogeza kiti mbele. "Lakini hiyo ndiyo filamu yenyewe. Rekodi kimya chake. Lile tundu la shingoni, pumzi zikipita. Hakuna atakayeondoa macho."

Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa akimzungumzia baba kama tulivyowazungumzia watu wote darasani, wale wakimbizi na wajane wa filamu za wengine, na lugha hiyo niliijua vizuri. Nikasema sawa.

Nilipomwambia mama, alisema, "Muulize mwenyewe." Baba alinitazama kwa muda mrefu, kisha akainua kidole gumba. Nikamrekodi akinyoa ndevu, akinywa uji, akimgongea mama kikombe kwa kijiko ili aje. Nikawarekodi majirani wakimpigia kelele langoni kana kwamba amekuwa kiziwi. Siku moja alifungua skafu shingoni mwenyewe, akageuza uso upande, akakaa hivyo, kama mshukiwa anayepigwa picha kituoni. Nilisogeza lenzi mpaka tundu likaonekana wazi.

Ugonjwa ulirudi kabla sijamaliza kuhariri. Tulimzika Giakanja, mvua ikinyesha.

Filamu ilipita. Mtahini aliyetoka chuo kingine alisema kazi yangu ni ya kijasiri, akaniomba nirekebishe marejeleo tu. Wenzangu walinipigia makofi. Niliwashukuru mmoja mmoja, nikaenda chooni, nikakaa humo mpaka ukumbi ukawa mtupu.

Mama aliitazama nyumbani, kwenye kompyuta yangu, hadi mwisho. Kisha akauliza, "Na pale anaongea ni wapi?"

Nikamwekea kile kipande cha kwenye miti ya kahawa ambacho sikuwa nimefuta. Alisikiliza, kiganja mdomoni.

"Hiyo si yeye," akasema. "Hiyo ni ugonjwa. Mimi nataka yeye."

Tukaanza kutafuta. Kila jamaa alikuwa na picha zake. Video zilikuwa za harusi, na juu ya kila moja mpigaji alikuwa ameweka muziki. Tukasikia kwamba aliyekuwa mwenzake baba kazini, anayeishi Kiriaini sasa, ana kanda ya sherehe ya makurutu kufuzu. Nilikwenda. Mzee huyo alinipokea kwa chai, akaiweka kanda, na kweli baba alikuwemo, mdogo sana kule mwisho wa uwanja, amenyoosha kifua. Kinywa chake kilifunguka. Mistari yote ya makurutu ikageuka kwa pamoja. Kilichosikika ni bendi.

"Rudisha tena," nikamwambia. Akarudisha. Bendi.

Sasa nafundisha utengenezaji wa video katika chuo kidogo mjini Nyeri. Wanafunzi wangu wengi wanataka kupiga video za harusi. Filamu yangu iko kwenye maktaba ya chuo kikuu, na nimeambiwa huonyeshwa kwa wanaoanza masomo, kama mfano. Mama hajaniuliza tena kuhusu kanda. Niliporudi kutoka Kiriaini alinitazama usoni nikiwa bado langoni, akageuka, akaenda kukamua ng'ombe.