Sabuni Kwenye Breki

Asubuhi ile nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Mfaranyaki, Songea, bila kujua naelekea wapi. Nguo zangu zilikuwa kwenye mfuko wa rambo, na ufunguo nilikuwa nimeshamrudishia mwenye nyumba. Tangu nilipoacha shule darasa la sita nimekuwa hivyo. Nikikaa mahali miezi mitatu, naanza kuwauliza watu barabara ile inaishia wapi.

Mtaa wa Msamala nilimkuta mzee mmoja ameinamia pikapu nyeupe, boneti wazi. Nikamwamkia shikamoo, nikasimama kuangalia. Alikuwa ameendesha malori ya ushirika kwa miaka mingi, hadi yeye na wenzake walipopunguzwa kazini. Mafao yake yote yalikuwa yameishia kwenye pikapu hiyo, iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu. Alikuwa anakwenda Mbamba Bay, kando ya ziwa, kuchukua dagaa aje auze Songea, safari yake ya kwanza ya biashara. Nyumbani kwake, alisema, hawana kingine cha kutegemea.

Nikaomba lifti. Akakubali, ila nimsaidie kwanza. Akanipa kopo la maji na kipande cha sabuni ya mche, nikoroge mpaka iyeyuke. Nilipouliza ya nini, akanionyesha kichupa cha mafuta ya breki pale kwenye injini. Kilikuwa karibu kitupu.

Miaka ya uhaba madereva wengi walitia maji ya sabuni badala ya mafuta hayo, maana madukani hakukuwa na kitu. Lakini sasa mafuta ya breki yalikuwa yanauzwa sokoni, makopo yamepangwa kama ya maziwa. Nilimwambia nimeyaona jana tu.

"Hayo ya kwenye makopo nani anajua wametia nini?" alisema. "Sabuni naijua. Nimeteremka milima ya Lukumburu na lori limejaa mahindi, kwa sabuni. Kwani wewe uliishia darasa la ngapi?"

"La sita, mzee."

"Basi koroga."

Nikakoroga, akamimina kwenye kichupa. Niliwahi kushinda gereji wiki nzima nikiuliza maswali mpaka wakanichoka, na fundi mmoja alinieleza kwamba breki zikipata moto, maji yaliyomo huchemka, na mvuke hausukumi kitu. Kwa hiyo nilijua. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka lifti.

Hadi Mbinga breki zilishika vizuri. Kila ziliposhika alinigeukia na kusema, "Darasa la sita," akacheka, nami nikacheka naye.

Baada ya Mbinga barabara hupanda na kushuka milimani, halafu huanza kuteremka moja kwa moja kuelekea ziwani. Kwenye lori, alivyonisimulia mwenyewe njiani, mteremko kama ule alikuwa anaushuka kwa gia ya pili, injini ndiyo inazuia, mguu haugusi breki mara nyingi. Pikapu aliiona nyepesi, akaiachia gia ya nne, mguu juu ya pedali muda wote. Harufu ya kuungua ikaingia ndani. Nikamwomba tusimame zipoe. Akasema tukichelewa, wenye dagaa watakuwa wameshauza.

Kwenye kona iliyofuata niliuona mguu wake ukizama hadi chini, kama anakanyaga tope. Akapampu mara mbili, mara tatu. Akajaribu kurudisha gia, ikakataa. Akakata usukani upande wa mlima, tukaugonga.

Yeye alichanika paji la uso, mimi sikuumia. Gurudumu la mbele lililala chini ya gari, ekseli imepinda, injini imepasuka na oili inamwagika kwenye vumbi. Alizunguka gari mara moja, taratibu, kisha akafungua boneti iliyokwisha kukunjamana na kuchungulia kile kichupa. 

Mwenye gari usitie maji kwenye breki, hata kidogo, hata kwa siku moja. Na mteremko ushuke kwa gia ileile ambayo ungepandia. Ni maneno mafupi. Yangetosha kuyasema asubuhi Msamala, na mimi sikuyasema.

Tulitembea hadi Mbamba Bay, tukafika jua likielekea kushuka. Mama mmoja aliyekuwa anapangisha vyumba vya uani alitupa kimoja chenye vitanda viwili vya kamba, akatuletea beseni la maji ili mzee aoshe damu. Mzee akamuuliza kama kuna mtu hapo anayenunua gari bovu.

"Gari hakuna," alisema yule mama. "Springi labda. Mhunzi wetu hutengenezea majembe."

Mzee akaitikia kwa kichwa. Mama akauliza tunalala siku ngapi. Nikasema mimi moja. Akamgeukia mzee akisubiri, na mzee akaendelea kuosha uso, ingawa damu ilikuwa imeshakwisha.