Mfungo wa Mama

Kazi yangu ni kuchunguza jinsi mwili unavyotumia sukari kadiri unavyozeeka. Watu wakisikia hivyo hudhani nawafahamu wazee. Ninaowafahamu ni panya wazee. Wazee wenyewe nilianza kuwaogopa nilipopeleka utafiti wangu nyumbani, Kasikeu.

Nilihitaji damu ya watu waliopita miaka sabini, itolewe asubuhi kabla hawajala. Waliokuwa wakimeza dawa za kisukari hawakutakiwa, kwa hiyo mama yangu hakuwemo. Kimoyomoyo nilishukuru, maana mama ni mtu wa kutia mkono kila mahali. Pasta alitangaza vizuri kabisa: msile kitu kuanzia Jumatano jioni, Alhamisi asubuhi mje kanisani. Hofu yangu ilikuwa moja tu, kwamba hakuna atakayekuja.

Walikuja. Benchi zilijaa mapema, wazee wamevaa makoti yao ya Jumapili. Mama naye akaja, mwenyekiti wa akina mama, akiwapanga foleni utadhani kanisa ni lake. Niliona jasho usoni mwake, na asubuhi ile ilikuwa ya baridi. Niliona, nikaendelea kuandika namba kwenye chupa. Kwa hilo sijajisamehe.

Nilikuwa na mtu wa nne nilipomsikia mama akimwita dada yake aliyekufa zamani, awapelekee ng'ombe maji. Watu wakacheka kidogo. Nilipomfikia alikuwa ameketi sakafuni, macho wazi, hanioni. Nikamtoboa kidole. Kipimo kilikataa kutoa namba. Sukari ilikuwa chini kuliko kinavyoweza kusoma.

"Mama amekula nini?" nikapiga kelele.

Jirani yetu mmoja akasema polepole, "Mwaitu, binti yetu, sisi akina mama tuko kwa maombi. Tangu juzi. Siku tatu bila kula. Mama yako alisema tukufungie wewe, hii kazi yako isiharibike."

"Na dawa?"

"Dawa anameza. Si ulimwambia asiruke hata siku moja?"

Ni kweli, nilimwambia. Nilimwambia kila Jumapili kwa simu, kwa ukali, kama mwalimu. Vidonge vile hushusha sukari uwe umekula au hujala, na mimi huwafundisha wanafunzi jambo hilo. Nikabaki kusema, "Sukari, sukari," ndani ya kanisa lililojaa watu niliowakataza mimi mwenyewe kula. Chai yao ya baada ya kutolewa damu ilikuwa bado haijatoka nyumbani kwa pasta.

Mzee mmoja akatoa kichupa cha asali mfukoni. "Nilikuwa nimekuletea wewe," akasema.

Tulimlaza mama kwa ubavu, nikampaka asali kwenye fizi, kidole kati ya meno yake. Nilikuwa nikimwambia asife, asinifanyie hivyo, mbele ya watu wote. Kisha tukambeba hadi kwenye gari langu.

Hospitalini walimwekea dripu, na macho yake yakarudi. Mimi sikutulia. Katika mwili wa mzee dawa ile hukawia kutoka, na sukari inaweza kushuka tena wakati wowote. Nesi akaleta kikombe cha uji. Mama akakisukuma.

"Bado. Tunafungua saa kumi na mbili."

Ilikuwa saa tano. "Mama, usipokunywa utakufa."

"Na nikikunywa, kazi yako ikiharibika?"

Nilitaka kumgombeza. Nilikuwa na maneno yote ya kisayansi tayari mdomoni, na hakuna hata moja ambalo lingemfanya ashike kikombe kile.

"Kunywa wewe," nikasema. "Masaa yaliyobaki nitafunga mimi."

Alinitazama sana. Anajua sijaomba tangu nimalize chuo.

"Hata chai usiguse."

"Sitagusa, mama."

Ndipo akachukua kikombe. Nilikaa kando ya kitanda hadi saa kumi na mbili jioni nikiwa na kipimo mkononi, nikimtoboa kidole kila nusu saa, na katikati ya vipimo nikiomba. Utafiti sikuuombea.