Sidiria za Binti wa Madam

Nakumbuka mchana mmoja wa Deira, hapa Dubai, mwanangu. Madam wangu amesimama mbele ya kioo anapimwa sidiria, na mimi niko nyuma yake na mifuko mikononi, nimebana kiwiko cha kushoto ubavuni ili usaha usionekane kwenye sare. Miaka mingi sikuusema mchana huo. Nausema leo kwako wewe, binti unayekuja kazi za ndani huku, kwa sababu wiki iliyopita, chumbani kwetu hapa tunapolala vitanda juu ya vitanda, nilimwona binti mgeni anavaa sidiria mbili, moja juu ya nyingine, ili kifua kibanwe, kabla ya kupelekwa kwa mwajiri. Nikamuuliza nani amekufundisha hivyo. Akasema wakala wake. Kumbe yale mambo bado yapo.

Mimi sikusoma sana. Niliishia darasa la sita kwetu Mpwapwa, kwa hiyo nitasema ninavyojua kusema, na majina nitayataja. Wenzangu huniambia niache kutaja watu, yameshapita. Yamepita kwao.

Wa kwanza ni Pili, wakala wetu. Alituweka wasichana nyumbani kwake Mbagala tukisubiri safari, akitufundisha kupiga pasi na kuitikia yes madam. Mimi Mungu alinijalia kifua kikubwa tangu nikiwa msichana mdogo. Pili akaniangalia kutoka juu mpaka chini, akawaambia wenzangu, "Huyu akifika na mizigo hii, madam anamrudisha na ndege ileile." Wakacheka wote, na mimi nikacheka nao. Halafu akaniletea sidiria ndogo ya mtoto wa shule, akanifunga mwenyewe, goti lake mgongoni kwangu, kama mtu anayefunga gunia la mkaa. Akasema madam akifungua mlango haulizi kama unajua kudeki. Anaangalia kifua chako, kisha anamfikiria mumewe. Nikae hivyo hivyo mpaka mkataba uishe. Nilimwamini. Kati yetu sote, aliyekuwa anaijua Dubai ni yeye peke yake.

Wa pili ni Madam Nawal wa mtaa wa Al Twar. Sitasema alinipiga, hakunipiga. Chakula alinipa, na chumba changu kilikuwa na kiyoyozi. Lakini siku aliyonifungulia mlango aliniangalia palepale Pili aliposema ataangalia, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Sidiria ya Pili ilipochakaa nikamwomba ruhusa ya kwenda kununua nyingine. Akasema hakuna haja, akaniletea mfuko mzima wa sidiria zilizomkataa binti yake. Binti mwenyewe alikuwa bado shule, mwembamba kama mpini wa fagio. Sidiria zilikuwa nzuri kwa macho, zina waya na maua ya lesi. Nilipoomba uzi na kitambaa ili nizipanue mgongoni, madam akasema niziache, afadhali zibane, ndiyo heshima ya nyumba.

Joto la huku unalijua, au utalijua. Jasho likiingia chini ya titi lililobanwa halina pa kutokea. Ngozi yangu ililowa, ikachubuka, ikaanza kuwasha hata nikiwa nimelala. Kamba zilichimba mabega. Mifereji yake ipo mpaka leo, ukitaka kuona nitakuonyesha. Nikipanda ngazi na kapu la nguo nilikuwa nasimama katikati, pumzi haishuki. Mwishoni waya ukatoboa kitambaa, ukawa unanichoma kila nikiinama. Nikaubandika plasta. Ukatoka tena. Pakafanya kidonda, kidonda kikafanya jipu, na mimi napaka poda juu, nafunga, naendelea kuosha vyombo. Sikumwambia mtu. Pili alikuwa ameshatuapia kwamba mgonjwa harudi kazini, anarudi kwao.

Ndipo ukafika mchana ule wa Deira. Madam alikuwa na duka analoliamini, la mama mmoja wa Kizanzibari aliyeitwa Bi Zuwena, ambaye familia yake ilihamia huku zamani. Duka dogo, nyuma ya maduka ya vitambaa, wanaume hawaingii. Madam hakuwa mtu wa kununua sidiria bila kupimwa pale. Hilo ndilo linaloniuma kuliko hata kidonda, mwanangu. Alijua. Alisimama pale anainua mikono, anageuka kushoto na kulia, anasema hii inabana, ile inalegea, nipe nyingine, na hakuona ajabu yoyote kwamba anayembebea mifuko amevaa ya mtoto wake.

Bi Zuwena alikuwa anamzungushia futi kifuani huku akizungumza naye Kiarabu kwa sauti tamu ya biashara. Mara, kwa sauti ileile, bila hata kunigeukia, akasema kwa Kiswahili, "Na wewe mtoto, una nini hapo ubavuni?"

Nikasema sina kitu, bibi.

"Usin'ongopee. Harufu naisikia tangu mlivyoingia. Huyu keshazowea manukato yake, hasikii kitu." Akamtupia madam neno la Kiarabu, madam akacheka, akainua mkono wa pili. "Cheka na wewe, ajue tunaamkiana."

Nikacheka. Nilikuwa nacheka huku machozi yananitoka, na madam akanitazama kwenye kioo akatabasamu, akidhani nimefurahi kukutana na mtu wa lugha yangu.

Madam alipoingia upande wa pili kumchagulia binti yake nguo za kulalia, Bi Zuwena akanivuta nyuma ya pazia akanifungua. Alipoona, akanigombeza kwa sauti ya chini, na maneno yake hayajanitoka mpaka leo.

"Nani kakwambia kifua ni wizi, hata ukifiche? Ziwa linaoza hili, na wewe unalitia poda kama andazi unalitia unga. Huyo wakala wako kakufunga mara moja. Siku zote zilobaki umejifunga mwenyewe."

Nikamwambia madam akijua atanirudisha.

"Akurudishe una maziwa mawili. Ama wataka urudi na moja?"

Akachukua futi akanipima, na mimi katika maisha yangu sikuwa nimepimwa na mtu. Aliipitisha chini ya matiti kwanza, pale mbavuni, kisha juu yake palipojaa zaidi, taratibu, asiguse penye kidonda. Aliponitajia saizi yangu nilidhani ananitania. Akanichagulia moja ya pamba isiyo na waya, akaniambia hii uvae ukishapona. Kwa sasa usivae chochote ila fulana pana, na kesho isipite bila kuonwa na daktari. Akatoka akamweleza madam kwa Kiarabu kwamba mtumishi wake anaumwa sana. Madam akasema inshallah. Ile inshallah yake nilikuwa naijua, ilikuwa ya kusahau.

Asubuhi yake nikatoka jikoni na chai nimevaa fulana pana ndani ya sare, kifua kiko kama Mungu alivyokiumba. Madam akaweka kikombe chini. Akaniambia, kwa kile Kiingereza chetu cha jikoni kilichochanganyika na Kiarabu, nikavae zile alizonipa, sir, mumewe, yuko karibu kushuka. Nikasema hapana, madam, mimi hospitali. Akasema basi khalas, nikusanye nguo zangu nirudi ofisini kwa wakala wa huku. Nilimfikiria mama yangu Mpwapwa, na wadogo zangu. Lakini nikasikia mdomo wangu unasema, "Sir hajaniangalia hata siku moja, madam. Anayeniangalia ni wewe."

Alikaa anazungusha pete yake kidoleni mpaka chai ikapoa. Kisha akamwita dereva, akamnong'oneza, akapanda juu. Nikaketi nyuma ya gari na begi langu, sijui napelekwa wapi, na dereva naye hakuwa msemaji. Nilipoona tunaingia getini mwa hospitali ndipo nikalia kwa sauti. Hospitali kwanza, ofisi baadaye, hivyo ndivyo alivyoagiza. Siwezi kumnyima hilo. Ila ni hilo moja tu.

Daktari alipasua, akatoa usaha na nyama iliyokwisha kufa, akaniambia ningechelewa zaidi kidogo sumu ingeingia kwenye damu. Titi nilibaki nalo, lakini lina shimo, na halikutoa maziwa kamwe. Nilipopona ofisi ikanipatia kazi ya usafi hotelini, na usafi ndiyo kazi yangu mpaka sasa. Nilipokwenda nyumbani kuzaa, mtoto wangu nilimnyonyesha upande mmoja. Upande wa pili alikuwa anautafuta kwa mdomo, anavuta, anaacha, analia, anarudi tena. Pili hakuwepo kumwona. Madam Nawal hakuwepo. Ndiyo maana nawataja.

Sasa sikiliza, mwanangu, nikuambie wazi. Kapimwe. Usione haya, nenda dukani kwa mwanamke mwenye futi, useme nipime. Uzito wa kifua unabebwa na mkanda wa mgongoni, si kamba za mabega. Ukiona mabega yanachimbika, mkanda haufanyi kazi yake. Mkanda ukipanda kuelekea shingoni ni mkubwa mno, ukikukata pumzi ni mdogo. Vidole viwili vipite chini yake bila taabu. Sidiria ikiwa mpya ifunge kwenye ndoano za mwishoni kabisa, zinazolegeza, maana itakuja kulegea nawe uikaze. Matiti yote yakae ndani, yakimwagikia juu au kwapani hicho kikombe si chako hata kama umekipenda. Kama ina waya, waya ulale kwenye mbavu, usikanyage nyama. Na siku waya unapotoboa kitambaa, itupe siku hiyohiyo, usinipigie mimi hadithi za plasta. Ukinenepa, ukikonda, ukizaa, kapimwe tena. Kwenye joto hili vaa pamba, jikaushe vizuri kabla ya kuvaa, na ukiona ngozi inachubuka sema mapema, pakiwa bado pekundu.

Mtu akikupa sidiria yake ya zamani na haikutoshi, pokea, shukuru, kisha ikate ufutie vioo. Na wakala akikuambia ujibane ndipo upate kazi, kama siku hizi wanavyotaka mjirekodi video mkiwa mmejifunga, mkatalie ukiwa bado kwenu. Ukishindwa kumkatalia kule, mkatalie madam huku. Ukishindwa na hapo, njoo kwangu, tutakwenda pamoja wewe na mimi, na nitakayoyasema mlangoni kwake niachie mwenyewe.

Mungu akupe nyumba ambayo pumzi yako inashuka mpaka chini. Ulale kifudifudi bila kuumia, uinue mikono juu bila kukunja uso, na mtoto utakayempata, akigeukia upande wowote, akute.