Nani Aliniuliza

Harufu ya spiriti iliingia darasani kabla ya wauguzi wenyewe. Nilikuwa na miaka kumi, katika shule moja karibu na Ikonge, na dirisha letu lilitazama majani ya chai yaliyokuwa bado na umande. Wauguzi wawili waliweka sanduku lao la barafu juu ya meza, nasi tukapangwa mstari. Nilijua sikutakiwa kuwa pale. Kila redio ilipotangaza kampeni ya chanjo ya surua, Baba aliizima na kusema jambo lile lile: zahanati yetu haina hata dawa ya kichwa, mgonjwa anaambiwa akanunue sokoni Kebirigo, sasa hii dawa ya bure inayomfuata mtoto mpaka shuleni imetoka wapi? Sokoni walisema wasichana watakaodungwa hawatazaa. Mama hakuamini wala hakukataa. Alituambia tu, mimi na mdogo wangu Moraa wa darasa la kwanza, tukiona gari la serikali tukimbilie nyumbani.

Moraa alikimbia. Mimi sikuweza, kwa sababu mwalimu alikuwa amesimama mlangoni. Sindano haikuuma sana. Kilichonitia hofu ni wino waliopaka kwenye kidole changu cha mwisho cha mkono wa kushoto, kuonyesha kwamba nimechanjwa. Nilikisugua kwa mchanga na kwa mate njia nzima, wino ukabaki. Jioni nilikula ugali kwa mkono wa kulia, wa kushoto nimeuficha ndani ya sweta, hadi Baba aliponiambia kwa sauti ya chini nimwonyeshe huo mwingine.

Hakunichapa. Asubuhi alivaa koti lake la kanisani, ingawa haikuwa Jumamosi, siku yetu ya ibada, akaniongoza hadi ofisi ya mwalimu mkuu.

"Mwalimu, nani aliniuliza?"

"Baba Nyaboke, hiyo ni amri kutoka juu. Surua ikiingia kwa mtoto mmoja, inaingia shule nzima."

"Sijauliza habari ya surua. Kabla ya kumdunga mtoto wangu, nani aliniuliza mimi?"

Mwalimu mkuu aliinamia karatasi zake. Baba akaondoka akiamini kwamba mtu asiyekujibu ana jambo analoficha.

Tangu siku hiyo nikawa mtoto wa kuchunguzwa. Mama aliniuliza kama tumbo linauma, na shangazi zangu wakija walinitazama kiunoni huku wakinong'ona. Moraa alisifiwa kwa mbio zake. Kisha mvua zilipoanza, surua ikapanda kilima chetu. Moraa aliwaka homa, macho yakawa mekundu, upele ukamjaa mwili, na mwishowe usaha ukaanza kutoka sikioni. Baba alimbeba mgongoni hadi barabarani, tukampeleka hospitali. Alipona, ila sikio lake la kushoto halisikii mpaka leo.

Siku moja Baba alimuuliza daktari, "Huyu dada yake wanalala kitanda kimoja. Mbona yeye hakuugua?"

"Alichanjwa?"

Baba alinitazama mkono wa kushoto, kisha akatoka nje.

Leo ninauza ndizi sokoni Keumbu, na binti yangu Kerubo ana miaka kumi. Muhula uliopita shule ilituletea fomu: wasichana watachanjwa dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi. Ungedhani mtu aliyeyaona yale ya Moraa angetia sahihi papo hapo. Sivyo. Simuni mwangu zilifika sauti zilizorekodiwa za watu nisiowajua, zikisema maneno yale yale ya sokoni kwetu, nami nikakaa na fomu siku nne. Baba alikuwa na redio moja ya kuzima. Mimi sijui nianze kuzima ipi. Siku ya tano nilikwenda zahanati. Muuguzi, binti mdogo kuliko mimi, alinivutia kiti. Nilimuuliza kuhusu uzazi, kuhusu madhara, kuhusu nani anayelipia dawa hiyo. Alijibu yote ila moja, ambalo alikiri halijui, akampigia simu mkubwa wake nikiwa hapo hapo.

Nilitia sahihi. Nje nilikuta akina mama wawili wameketi kwenye benchi na fomu zao, wakinisoma uso. Nilijua walichokuwa wakikitafuta.

"Ingieni mkamuulize," niliwaambia. "Ana nafasi."

Walitazamana, kisha mmoja akasimama.