Mnigeria Aliyeposa Kifudifudi

Shule niliiacha darasa la tatu, Tanga, wala sijaijutia. Duka langu la ushonaji hapa Yeoville, Johannesburg, nimelisimamisha kwa mikono hii, cherehani moja baada ya nyingine, na ukinikuta nimevaa suti, jua nimeishona mwenyewe. Kwa hiyo mtu akija kunifundisha dunia, namsikiliza huku nakata kitambaa. Wengi huchoka wakaenda zao. Mmoja tu hakuchoka: kijana wa Kinigeria niliyempangisha kona ya mlangoni, fundi wa simu.

Kila asubuhi, kabla hajagusa bisibisi, anasoma habari za kwao kwenye simu na kunihubiria. Anachanganya Kiingereza na Kiswahili alichookota humu humu dukani, lakini nampata.

"Baba! Gridi imeanguka tena! Nchi nzima giza!"

Anasema hivyo anacheka, utadhani timu yao imefunga bao. Punde anawaka. Mafuta yamepanda. Wakubwa wao wakiumwa kichwa tu, ndege, Ulaya. Mama yake anawasha jenereta kidogo achaji simu, ampigie mwanawe, halafu anazima haraka maana petroli ni ghali. Akimaliza ya kwao anageukia ya hapa: maji yamekatika, robot, zile taa za barabarani, zimekufa njia panda zote, na kuna watu wanaandamana wanataka wageni turudi tulikotoka.

"Baba, wenzangu wana nchi moja ya kuwakera. Mimi ninazo mbili!"

Nilimzoea. Asipokuja, duka linapooza.

Basi akapenda. Akampenda binti wa mtu wa kwetu Tanga anayekaa Berea, mtaa wa jirani, binti aliyekuja kubadilisha kioo cha simu akawa anarudi na simu nzima. Baba mtu namjua miaka mingi. Anakaa mbele ya televisheni kuanzia alfajiri, na Wanigeria anaowajua yeye ni wale wa kwenye taarifa ya habari, wenye pingu. Alishasema nje ya msikiti, tukisikia wote: "Mnigeria kwangu haoi."

Kijana akaniomba niwe mshenga wake. Nikakubali. Mimi mdomo wa mtu haunitishi.

Sasa, sisi mwoaji haendi kwenye posa yake. Wanakwenda wazee, yeye anangoja jibu nyumbani. Nikamwambia baki dukani.

"Baba, kwetu mwanamume asipokwenda mwenyewe wanasema ana kiburi."

"Huku si kwenu. Baki!"

Jumapili mchana napanda ngazi za jengo anakokaa baba mtu, lifti mbovu kama kawaida, nasikia viatu nyuma yangu. Nageuka. Yeye! Joho pana la bluu linafagia ngazi, kofia imelalia sikio moja, anang'aa kama bwana harusi kabisa. Nitamfukuzaje, na mlango wa wakwe umeshafunguliwa?

Baba mtu akamtazama juu mpaka chini.

"Fundi, huyu hana watu wa kumsemea hata aje mwenyewe?"

Sijafungua kinywa, kijana akaenda chini. Pwaa! Kifua kwenye zulia, uso kwenye zulia, mzima mzima.

"Ya Rabi, kaanguka!" mama mtu akapiga ukelele. "Leteni maji!"

"Sijaanguka, mama," sauti ikatoka zuliani. "Nasalimia. Kwetu wakwe wanasalimiwa hivi. Nangoja niambiwe niinuke."

Baba mtu akaniangalia. Hata mimi nilikuwa sijui. Miaka yote ya mahubiri yale, hilo hakuwahi kunitajia!

"Basi angoje," mzee akasema, akakaa kwenye kochi. "Wewe, unanisikia huko chini?"

"Nakusikia, Baba."

"Nchi yenu hata taa hamna. Binti yangu utampeleka gizani?"

Nikakohoa kwa nguvu. Kwenye posa mtu anasifu! Anasifu kwao, anasifu ukoo, hata kama nyumba yao imeinama. Najisemea, sifu, mwanangu, sifu.

"Ni kweli, Baba, taa hatuna. Gridi imeanguka tena wiki hii. Na wanaotuongoza hawajui, majenereta yao hayazimwi. Nakasirika kila asubuhi, muulize mzee wangu hapo, nimemchosha. Lakini umeme ukirudi, mtaa mzima unapiga kelele! Watoto, bibi zetu, mpaka majirani waliogombana. Hapa ukirudi kila mtu yuko kimya chumbani kwake."

"Na wenzako wale wenye pingu?"

"Nikiwaona nazima simu kwa aibu, Baba. Halafu nawasha, wateja wananingoja. Na wale wanaoandamana, wakifika mlangoni hawatauliza nani Mnigeria, nani wa Tanga."

Nikasema hapa tumefukuzwa.

Mzee akajipiga paja. "Hilo nilisema juzi! Niliiambia televisheni hii hii, mke wangu shahidi!"

Hapo sasa! Ikawa gridi, ikawa maji, ikawa robot, ikawa madiwani wasioonekana mpaka uchaguzi. Mmoja kajikunja mbele kwenye kochi, mwingine anajibu kwenye zulia, shingo kaipinda upande apate pumzi. Mshenga mimi, niliyepanga maneno yangu wiki nzima, hakuna aliyeniuliza hata jina la kijana.

"Jamani, mtamuua mwana wa watu," mama mtu akasema.

"Mwenye shughuli hajaulizwa," mzee akajibu, akaita kuelekea jikoni. "Mwanangu, kuna mtu hapa anakuposa. Unasemaje?"

Kwetu binti akiulizwa hivyo hunyamaza, na kunyamaza kwake ndiyo ridhaa. Lakini huyu kazaliwa Joburg.

"Eish, Baba! Mimi nilishakubali zamani! Mwinueni, chai inapoa!"

Mama mtu akajifunika uso kwa mtandio, mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mzee akajifanya hakusikia namna lilivyosemwa. Akainama, akamshika kijana begani.

"Inuka, mwanangu. Kaa hapa karibu, unieleze vizuri. Hiyo gridi inaangukaje nchi nzima?"