Mama Futi na Bima ya Safari ya Mama Yake

Wifi yangu ni fundi cherehani, na mtaa mzima unamwita Mama Futi kwa sababu ile futi ya kupimia haimtoki shingoni. Anaenda nayo sokoni, anaenda nayo msibani, na kwenye harusi ya binti yangu alikuja nayo juu ya gauni la hariri, ikabidi nimvute pembeni niivue mwenyewe. Akalalamika kwamba anajisikia yuko uchi. Mimi ni dada wa mumewe, kwa hiyo kumsema ni haki yangu. Nimefanya naye kazi miaka kumi na tisa katika chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia na dirisha linalotazama barabara. Yeye anapima, anakata na kushona. Mimi natia vifungo, napiga pasi na kupokea lawama za wateja.

Ana mtindo wake wa kazi ambao sijauona kwa fundi mwingine. Mteja akisimama mbele yake, vipimo vinatoka viwili: cha mdomoni na cha daftarini. Mdomo unasema namba anayoipenda mteja. "Kiuno bado kilekile, dada, thelathini na mbili!" Mkono wakati huohuo unaandika thelathini na nane. Mteja anaondoka amevikwa kilemba cha ukoka, na wiki ijayo gauni linamkaa sawasawa. Anajisifu kwamba namba za daftarini hazijawahi kukosea hata kwa upana wa ukucha. Kwake mdomo ni wa mteja, daftari ni la kazi.

Sasa, Mama Futi anaishi na mama yake mzazi, mwanamke wa miaka sabini na minne, mwembamba, mbishi, na ambaye akikaa kitako kukusimulia jambo hainuki mpaka umecheka. Asubuhi moja alikuja kwenye chumba chetu cha kushonea, akakaa kwenye kiti cha wateja, akatangaza kwamba anasafiri. Anakwenda kumwona dada yake mkubwa kule walikozaliwa, safari ya siku mbili kwa basi. Hawakuwa wameonana kwa miaka kumi na mmoja. Huyo dada alikuwa amepofuka, hatoki nje ya ua bila kushikwa mkono, kwa hiyo wa kusafiri alikuwa mmoja tu. Walikuwa wakipigiana simu kila Jumapili, na wote wawili walikuwa wakipayuka hata jirani wa tatu akajua habari za mbuzi wao.

"Nimekata shauri," alisema. "Na sitaki mtu wa kunisindikiza. Mimi si gunia."

Mama Futi alisimamisha cherehani. Mama yake ni mgonjwa wa moyo, ingawa kwenye nyumba ile ugonjwa huo hauna jina. Wanasema "mama anachoka." Kila asubuhi anameza kidonge kimoja cheupe na nusu ya cha njano, kisha anaendelea na siku yake, na ukimuuliza hali anajibu kwamba hana ugonjwa wowote, dawa anakunywa ili asiupate. Kumsindikiza kwenyewe hakukuwezekana. Tulikuwa na sare za shule mia mbili mezani na shule zilikuwa zinafunguliwa.

Mzee alipotoka, wifi yangu alinigeukia. Macho yalikuwa mekundu.

"Wifi, mimi siwezi kumfunga kamba. Lakini akienda, nataka niwe na uhakika wa kumrudisha. Hata iweje."

Nilielewa hiyo "hata iweje" ilikuwa inasema nini, nikaendelea kutia vifungo.

Ng'ambo ya barabara kuna ofisi ya wakala wa bima, kijana mmoja ambaye sisi tunamwita Bwana Tai. Hata jua likiwaka vipi, tai yake iko palepale, na suruali zake zote nimezipunguza mimi pindo. Tulivuka mchana huohuo. Alitukalisha kwenye viti vya plastiki, akafungua kijitabu chake, akatueleza kwamba bima ya safari za ndani ya nchi ina mafungu matatu. La chini ni la ajali na mizigo iliyopotea. La kati linaongeza ugonjwa: msafiri akilazwa popote njiani au alikofikia, bima inalipa hospitali, na ndugu yake mmoja analipiwa nauli na malazi kumfuata. Hapo akashusha sauti.

"La juu linabeba yote hayo, halafu, samahani mama, Mungu apishe mbali, msafiri akifariki huko, tunamrudisha nyumbani. Gari, jeneza, kila kitu."

"Hilohilo," alisema Mama Futi, kabla hajamaliza.

Akapewa fomu. Jina, umri, tarehe ya kuondoka, anakokwenda. Aliandika upesi kwa mwandiko wake ule wa chaki, mkubwa na wa kulala. Akafika kwenye swali la tisa: Je, msafiri ana maradhi yoyote anayotibiwa kwa sasa? Kalamu ikasimama kidogo. Mimi nilikuwa nimekaa ubavuni kwake, naona kila herufi. Akaandika: Hapana. Nami nikatazama kalenda ukutani. Najilaumu mpaka leo kwa ule ukimya, maana mdomo wangu siku zote hauna breki, siku ile ndiyo ukaamua kuwa na adabu.

Kesho yake asubuhi alikuja mke wa mwokaji mikate kupimwa suti ya kanisani. Mama Futi akazungusha futi kiunoni. "Thelathini na sita, mama, wala hujabadilika!" Mkono ukaandika arobaini na mbili. Kisha mkono ukaganda juu ya daftari. Aliitazama ile namba kwa muda mrefu mpaka mteja, ambaye bado alikuwa ameinua mikono juu, akaanza kuingiwa na wasiwasi.

"Kuna nini? Nimenenepa?"

"Wifi," alisema Mama Futi, ananiambia mimi, "jana niliandika ya mdomoni."

Sikuhitaji tafsiri. Miaka yote ile mkono wake haukuwahi kuandika kile mdomo unachosema, na siku ya kuandika habari za mama yake mwenyewe ndiyo ukaandika. Kwenye karatasi ya watu wasiomjua alikuwa ameweka maneno yetu ya nyumbani, yale matamu. Mke wa mwokaji tukamwachia chai na kiti, tukavuka barabara, wifi yangu futi ikiwa shingoni na pini mdomoni.

Bwana Tai hakumgombeza. Alitoa fomu kwenye faili, akaiweka mezani. Bado hajaituma, alisema, na ni vizuri tumerudi, kwa sababu likitokea jambo, kitu cha kwanza kampuni inachoomba ni faili la hospitali. Wakiona dawa za moyo na fomu inasema hapana, hawalipi hata soda. "Leteni barua ya daktari kwamba anaruhusiwa kusafiri, tuandike upya. Bila barua, fungu la kati na la juu siwezi kuwapa."

Kazi ikawa kumwambia mama.

Alikuwa barazani, anachambua mboga. Alipolisikia neno daktari alisukuma ungo.

"Ahaa. Ndiyo mmepanga hivyo. Daktari ataniuliza nakwenda wapi, nitamwambia, atanikataza. Mngesema tu hamtaki niende, mkaacha kuzungukazunguka."

"Mama, sivyo."

"Ni hivyohivyo. Mkinipeleka kwa daktari, dada yangu simwoni tena."

Ilikuwa kweli inaweza kuwa hivyo. Siku mbili hakuzungumza na binti yake. Mimi alinisalimia, tena kwa sauti kubwa, ili mwenzangu asikie kwamba hakusalimiwa. Siku ya tatu Mama Futi alikwenda akapiga magoti mbele ya kile kiti cha barazani, jambo ambalo sikuwa nimeliona tangu harusi yake.

"Mama, nilidanganya. Nimeandika kwenye fomu kwamba huumwi chochote. Kwa mkono wangu."

Mzee alimtazama. "Si ndiyo ninavyosema kila siku, kwamba siumwi?"

"Ndiyo. Na mimi nikaandika, kwa sababu nilitaka iwe kweli."

Mzee akainuka. Akaingia ndani, tukadhani amesusa, kumbe amekwenda kuchukua mtandio na ule mfuko wa dawa. "Haya, twende kwa huyo daktari wenu," alisema. "Lakini akinikataza, kila Jumapili mtashika simu ninyi, mumweleze dada yangu kwa nini siji."

Daktari alikuwa mwanamke mtulivu mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alimsikiliza kifua mbele na nyuma, akampima presha mara mbili, akafungua faili, akauliza nani anakwenda kutazamwa. Mama akamweleza: dada, macho, miaka kumi na mmoja. Alieleza kwa kifupi kuliko kawaida yake, mikono imeshika ukingo wa kitanda. Daktari akaandika barua bila haraka.

"Mama, moyo wako umechoka. Safari hii nakuruhusu. Kaa kiti cha mbele, basi likisimama teremka utembee, na dawa zikae mkobani, si kwenye buti." Akavua miwani. "Mwakani usije kuniomba barua nyingine. Sitaiandika."

Mama alitoka pale anatabasamu kama msichana, kwa sababu alikuwa amesikia nusu ya kwanza. Mama Futi alikuwa amesikia nusu ya pili. Njia nzima alitembea ameshika mkono wa mama yake, na mzee, ambaye huwa hashikwi, alimwachia.

Tukaenda moja kwa moja kwa Bwana Tai, watatu tukiwa tumejipanga kwenye vile viti vya plastiki. Alisoma barua, akapiga mhuri fomu mpya. Swali la tisa safari hii lilijazwa mpaka nafasi ikaisha, na majina ya vidonge vyote viwili.

"Fungu la juu," alisema Mama Futi.

"Sawa, mama. Sasa hapa naandika mahali pa kumrudisha."

"Ngoja kwanza, mjukuu wangu," mzee akaingilia. "Hilo la juu lina nini ambacho la kati halina?"

Bwana Tai akaigusa tai yake. Akakohoa. Akaanza kusema kwamba ni kuhusu usafiri wa kurudi, katika mazingira fulani, endapo itatokea.

"Nikiwa nimekufa?"

"Ndiyo, bibi."

"Basi sema hivyo, usinizungushe. Na la kati?"

"La kati, bibi, ukizidiwa, tunamlipia ndugu yako mmoja akufuate hukohuko uliko."

Mzee akatikisa kichwa taratibu, kama anayekagua kitambaa. "Andika la kati."

"Mama!" Mama Futi alikuwa ameshainuka kwenye kiti. "Mama, nataka nikurudishe."

"Najua unataka. Kaa."

Akakaa.

"Dada yangu haoni," mzee alisema. Hakuwa na hasira, hakuwa na huzuni pia, alikuwa anaeleza jambo ambalo ni wazi alishalimaliza moyoni zamani, pengine tangu asubuhi ile alipokuja kutangaza safari. "Ukinileta kunizika huku, hatafika kaburini kwangu mpaka anaondoka duniani. Atakuwa anaambiwa tu. Nikilala kule, watamshika mkono watampeleka, aguse udongo, ajue nipo hapo. Wewe una macho. Una miguu. Wewe utakuja."

Bwana Tai alikuwa anatazama meza. Mimi sikuwa na vifungo vya kutia, kwa hiyo machozi yalinitoka bila pa kuyaficha.

"Na mimi je?" alisema Mama Futi. Ana miaka hamsini na mmoja, ana wajukuu, ana mafundi aliowafunza wenye maduka yao, na alilisema neno hilo kwa sauti ya mtoto. "Mimi nitabaki na nini, mama?"

"Wewe umekuwa nami miaka hamsini na mmoja, kila siku ya Mungu. Yeye nimempa Jumapili tu."

Nje basi la shule lilipita, dirisha likatetemeka. Wifi yangu alijifuta uso kwa ncha ya ile futi, akairudisha shingoni, akaivuta fomu upande wake. Alisoma mistari ya fungu la kati yote, mmoja baada ya mwingine, kidole kikifuata maneno, hadi alipofika kwenye nafasi ya ndugu atakayelipiwa kumfuata msafiri.

"Hapa andika mimi," alimwambia Bwana Tai. Kisha akamtajia jina lake kamili, polepole, herufi moja moja, na alipomaliza akamwambia amsomee ahakikishe.