Gia Moja Aipandisha Kompyuta Mlimani

Miaka haipigi hodi. Iliingia nyumbani kwa dereva mmoja wa malori, ikakaa kitako kama mgeni asiye na safari, ikamchukulia nywele, kisha mke, kisha mguu wa kushoto uliokatwa chini ya goti kwa ugonjwa wa sukari, na mwisho leseni. Aliyempa ndiye aliyemtwalia, naye hakumnung'unikia Mola wake. Kwa wanadamu, hata hivyo, hakuwa amekubali lolote.

Wenzake walimwita Gia Moja. Kwa miaka thelathini na minne hakushuka mteremko mkali ila kwa gia ya kwanza, huku madereva wenzake wakimpita kwa honi na kumzomea. Baadhi yao aliwakuta mbele, magurudumu yakitazama mbingu.

Basi wanawe walipochanga fedha za kumnunulia kiti cha kupumzikia, chenye mto wa kichwa na mto wa miguu, alizipokea kwa adabu, akazikunja, akatangaza kwamba atanunua kompyuta ya michezo. Alikuwa amesikia kuwa upo mchezo wa kuendesha malori, wenye milima, mizani na mvua, na ndani yake asiye na mguu wa kushoto wa kukanyagia klachi halazimishwi kuikanyaga.

"Baba, hayo ni mambo ya watoto," alisema binti yake mkubwa, muuguzi, akimfunga bendeji. "Pumzika. Umestaafu."

"Sijastaafu, mama. Nimestaafishwa. Na huo mto wa miguu, mguu wa pili nitaukodi wapi?"

Binti alicheka, kisha akakasirika kwa kuwa amecheka. Akasema watafuatana dukani, ili fedha zikipotea zipotee machoni pake.

Duka lilibanwa kati ya kinyozi na mpiga chapa. Rafuni yalipangwa makasha ya kompyuta, ya kioo, yenye feni zinazowaka rangi tatu. Muuzaji, mtu wa makamo mwenye bisibisi sikioni, aliyatazama magongo ya mzee, kisha akamgeukia binti.

"Kompyuta ni ya mjukuu?"

"Ni yangu, bwana," alijibu Gia Moja. "Na masikio yangu mazima. Kilichokatwa ni mguu."

Muuzaji akamwonyesha kasha lenye taa.

"Taa hizi zinaongeza mwendo?"

"Hapana, mzee. Zinapendeza tu."

"Basi hayo ni maua ya kwenye dashibodi. Nipe lililobonyea, mradi upepo upite."

Ndivyo alivyochagua karibu vyote: prosesa ya miaka mitatu nyuma, kibodi iliyofutika herufi, skrini yenye mkwaruzo pembeni. Kifaa cha umeme, kile kinachovilisha vingine vyote, alikitaka kipya, kwani aliwahi kuona lori zima likiteketea kwa sababu ya waya mmoja wa bei rahisi. Usukani na pedali navyo hakukubali vipunguzwe. Kilichosalia kilitosha kadi ya picha iliyokwisha kutumika, nayo ndiyo injini ya mchezo: ikifa hiyo, mengine yote ni bati.

Muuzaji akachomeka moja kwenye kompyuta ya majaribio. Picha ya ua ikatokea, feni zikazunguka taratibu. "Unaona? Kali hii. Kwa bei hii huipati kwingine."

Gia Moja aliinama akainusa. "Hapa iko tambarare. Nataka kuiona ikipanda."

"Ikipanda nini?"

"Washa mchezo mzito kuliko yote uliyo nayo, kaza picha hadi mwisho, uiache nusu saa. Mlima hauishi kwa dakika mbili."

"Mzee, hili si lori. Na nina wateja."

"Wahudumie. Mimi nimezoea foleni."

Binti akamvuta mkono wa shati. "Baba, twende. Unatuaibisha."

"Aibu ni kusukuma gari ulilolinunua jana," alisema mzee, akaketi juu ya boksi, magongo mapajani, saa kiganjani.

Dakika ya kumi ikapita, na ya kumi na tano. Muuzaji akaanza kutabasamu. "Vipi, mzee, kileleni bado?"

"Bado kona tatu."

Dakika ya ishirini na moja feni zikapiga mluzi, skrini ikachanika mistari ya kijani, ikazimika. Mteja mmoja alikuwa mlangoni na mzigo wake tayari. Alirudi, akaiweka kadi yake mezani. "Na hii yangu ipandishwe."

Muuzaji hakuwa mtu mwovu. Yeye mwenyewe aliinunua ikiwa tambarare. Akatoa nyingine, kuukuu na dhaifu zaidi. Nusu saa ikatimia, na robo juu yake. Gia Moja akaigusa kwa kiganja, kama alivyokuwa akigusa magurudumu akifika juu ya mlima. Ilikuwa ya moto, lakini moto wa kazi.

"Picha zake hazitakuwa nzuri sana," muuzaji alikiri.

"Macho yangu nayo si mapya. Ifunge."

Binti ndiye aliyebeba boksi, bila kuombwa.

Alasiri ya pili yake, usukani ulikuwa umekazwa kwenye meza ya kulia chakula, na mzee ameketi kwenye kiti kigumu cha mbao. Lori lilipofika kwenye mteremko, alishusha gia hadi ya kwanza. Malori mengine yakampita kwa honi.

"Wanakuzomea, baba."

"Waache watangulie."

Binti akavuta kiti, akaketi ubavuni pake, upande wa utingo. "Tunapeleka nini?"

"Saruji. Na utingo haulizi sana."

Tunamwomba Mwenye rehema amhifadhie mzee huyu mguu uliobaki, na ukaidi wake wote. Aibariki mikono ya binti yake, na nduguze waliochangia kiti wakazaa lori. Amrehemu mama yao aliyetangulia. Na utakapofika mteremko wa mwisho awashushe wote salama, polepole, kwa gia ya kwanza. Amina.